Chaki Nyekundu na Mwamba wa Kakapel



Mwaka 1760 kijana Mfaransa, Jean-Honoré Fragonard, alikaa majira ya joto huko Tivoli, karibu na Roma, katika jumba la kadinali wa zamani liitwalo Villa d'Este. Aliichora bustani yake kwa chaki nyekundu: ngazi za mawe, sanamu, chemchemi, na miti mirefu ya saipresi. Watu katika picha hizo ni wadogo mno chini ya miti. Na nuru ya jua si rangi iliyotiwa, bali ni karatasi tupu iliyoachwa bila kuguswa.

Chaki hiyo ni udongo tu, uliopata wekundu wake kwa kutu ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachotia wekundu ardhi ya Busia. Na hapa Teso, katika mwamba wa Kakapel, watu wa kale walichora duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe.

Lakini iko tofauti. Baadhi ya karatasi za Fragonard zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Besançon, Ufaransa, mbali na jua na mvua. Mwamba wa Kakapel uko wazi, na wako watu walioandika majina yao juu yake. Serikali iliufanya ukumbusho wa taifa mwaka 2004. Walakini sheria hailali mwambani. Mlinzi wa kwanza ni jirani.

Basi mzazi ampelekaye mwanawe Kakapel na amwambie atazame sana, na chaki ya shule ibaki nyumbani.