Tukipunguzwa Kazini Tusikawie


Kenya haina posho ya serikali kwa asiye na kazi, kama iliyopo Uingereza. Basi mtu wa Kisumu akipunguzwa, haki yake iko kwa tajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka notisi ya mwezi 1 au mshahara wake, malipo ya likizo iliyobaki, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Taabu yetu ni ile "njoo kesho". Tumeona wenzetu wakitoka Kondele kwa miguu, wiki baada ya wiki, kuulizia cheki. Kumbe siku zinahesabiwa! Lalamiko la kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa Afisa wa Kazi kabla miezi 3 haijapita. Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, inayokaa papa hapa Kisumu, hupokea dai ndani ya miaka 3. Baadaye, hata jaji mwenye huruma hana njia.

Msitie sahihi karatasi isemayo mmelipwa yote kabla hamjazihesabu fedha. Barua ya kuajiriwa, hati za mshahara, kadi ya chama, vileteni ofisini. Tutamwandikia tajiri siku hiyo hiyo, na nakala mtaondoka nayo.