Picha Zetu Zikae Wapi?



Mwaka 1930, pale Mji Mkongwe, Unguja, Bwana Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Alipiga watu wa mji na mitaa yao, picha nyeusi na nyeupe. Baadaye mwanawe, Rohit Oza, akaishika kazi ya baba. Kilichotugusa sisi siyo kamera, ni kwamba picha za mzee hazikutupwa.

Sisi je? Ya siku yetu ya kwanza tulisafishiwa moja tu, nayo ikalowa mvua. Mama aliyekuwa wa kwanza kushika funguo za sanduku, sasa marehemu, amebaki kitenge tu, uso umefutika. Mjukuu wake alipouliza bibi alikuwaje, tukabaki kutazamana.

Na tunakaa Kolo, jamani! Michoro myekundu ya wazee wa kale ingali miambani. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na 2006 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Sisi miaka 10 imetushinda.

Wapo wanaosema hela hiyo iende kwenye hisa. Hawajakosea sana, mwaka wa njaa picha hailiwi. Lakini binti wa mwenzetu anajifunza kupiga picha. Tunaomba akopeshwe hela ya kamera, arejeshe kama sisi sote, na nakala za picha za kikundi zikae sandukuni. Jumamosi tupige kura.