Chandarua: sadaka au haki?



Wako wanasiasa wa mrengo wa kushoto wasiopenda kulisikia neno sadaka. Kwao, tajiri anayetoa msaada anamziba mdomo maskini asiulize kwa nini yeye hana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilituonya kwamba zawadi na mikopo ya kigeni inaweza kuhatarisha uhuru wetu.

Onyo hilo ni zito. Lakini hebu twende bonde la Kilombero tukalipime.

Msimu wa mpunga, familia nyingi za huko huhamia kwenye vibanda vya mashambani, na mbu huwafuata huko huko. Mtoto mwenye malaria hawezi kusubiri mpaka unyonyaji uishe duniani.

Waswisi walifungua maabara Ifakara mwaka 1957. Mwaka 1996 ikawa kituo cha Kitanzania cha utafiti wa afya. Mwaka uliofuata mradi wa KINET, kwa msaada mkubwa wa Uswisi, ukaanza kupeleka vyandarua vyenye dawa wilaya za Kilombero na Ulanga. Havikutolewa bure. Viliuzwa kwa bei nafuu, na wajawazito wakapewa kliniki hati ya punguzo. Watafiti walikuta kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27.

Kilichoanza kama msaada kikawa sera: mwaka 2004 serikali ilianza kusambaza hati ya punguzo nchi nzima. Ila hati ilimtaka mama ajazie fedha, na maskini kabisa hakuwa nayo. Ndipo mwaka 2009 na 2010 vikagawiwa bure kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano. Hapo kilio cha usawa kilisikika, lakini sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wafadhili.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya barani Afrika ikayumba. Onyo la Azimio likatukumbuka.

Kwa hiyo mtoaji asitukanwe. Mkono wake umeokoa watoto. Lakini sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, na moyo hubadilika. Haki huandikwa kwenye bajeti, na mwananchi anaweza kuidai kwa mbunge wake. Tupokee chandarua kwa shukrani, kisha tuulize bungeni: cha mwakani kinalipwa na nani?