Ngitili: Nyasi Zinazorudi Bila Kupandwa

Leo tunazungumzia ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa kwa muda ili lipumzike.

Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Wakoloni walifyeka mapori kupambana na mbung'o, pamba ikala maeneo mengine, mifugo ikaongezeka. Kisha watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa, wengi waliacha nyuma ngitili zao. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizotambuliwa zilikuwa hekta 611 tu. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000. Miche ilipandwa, ndiyo, lakini kazi kubwa ilifanywa na ardhi yenyewe baada ya watu kukubaliana kuipumzisha.

Hebu tutazame kinachotokea. Ng'ombe huanza na majani matamu. Akiyang'ata kabla hayajatoa maua, hakuna mbegu. Akiyarudia kila wiki, mizizi inakosa chakula na kufa. Yanabaki yale asiyoyataka. Ndiyo maana Msukuma hufunga ngitili mvua zinapoanza na kuifungua katikati ya kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na mbegu zimedondoka. Hapo huingia kwanza ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia, tena kipande kwa kipande. Migunga nayo huchipua yenyewe kwenye visiki ambavyo ulidhani vimekufa.

Hakuna ua wa seng'enge. Ua ni neno la dagashida, mkutano wa jadi unaoweka sheria na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, wanaozisimamia. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote: mbegu bora kutoka dukani isingefua dafu mbele ya ng'ombe mmoja wa jirani asiyekubali.

Ukitaka kuanza mwaka huu, usingoje Novemba. Zungumza na majirani sasa, kiangazi hiki, mkiwa mnaona wenyewe mifugo inavyokonda. Chagua mahali penye mashina ya nyasi yaliyo hai: ng'oa moja, kata mzizi, utaona kama ndani bado ni mweupe na una unyevu. Penye ibambasi, ule udongo mgumu ambao maji huteleza juu yake, tifua kidogo na utandaze matawi ya miiba. Yatazuia kwato, na mbegu zinazopeperushwa na upepo zitanasa humo.