Kura ya Fidia kwa Waokoaji wa Ziwani

(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi, Igogo, Mwanza)



Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, 19 wakafa. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alifungua mlango wa nyuma kwa kasia. Baadaye aliumia, akazirai, akazindukia hospitali. Mkoa wa Kagera ulimpa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa heshima kubwa, lakini ilikuwa zawadi, wala si haki iliyoandikwa.

Igogo nayo iko ufukweni. Chombo kinapozama, kama ilivyokuwa kwa MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara mwaka 2018, mwenye mtumbwi hangoji barua ya kumtuma. Je, asiporudi?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 humlinda mwajiriwa: karani wa chama, mlinzi wa ghala. Mwajiri ndiye huchangia Mfuko, na katibu ambaye hajawaandikisha watumishi wake hana udhuru. Bali mwanachama aliyeingia majini kwa hiari yake hakuajiriwa na mtu, na Mfuko huo haumhusu. Kwake hubaki michango ya msiba. Daftari hujaa siku ya mazishi. Baada ya arobaini mjane hubaki na nyavu asizo na mtu wa kuzitega.

Pengo hili laweza kuzibwa na mkutano mkuu, ambamo kila mwanachama ana kura moja. Kiasi cha kutengwa katika ziada si jambo gumu. Ubishi utakuwa juu ya nani astahili. Wapo watakaosema alipwe aliyetumwa na uongozi tu. Masharti ya namna hiyo yangemwacha nje karibu kila mwokoaji wa ziwa hili. Yafaa ithibitishwe kwamba alikwenda kuokoa, kwa mashahidi wawili na hati ya daktari, na malipo yaanze kabla kamati haijamaliza vikao vyake.

Hoja ikipita, mabadiliko ya masharti yapelekwe kwa Mrajis kusajiliwa. Wanachama wasomewe maneno yake siku kadhaa kabla ya kura, na wake zao wakiwapo.