Somo la Redio: Matuta ya Kale na Mawe ya Pwani

Wekeni karatasi mbele yenu, mfuate maneno kwa kidole ninaposoma.

Leo tunasoma habari za rasi. Rasi ni nchi iliyojitokeza na kuingia baharini. Rasi yetu ya leo iko kusini ya Uingereza, karibu na mji wa Bournemouth. Jina lake ni Hengistbury Head.

Rasi hii imeungana na bara kwa shingo ya nchi. Watu wa kale waliikata shingo hiyo kwa matuta mawili marefu. Walichimba handaki, na udongo walioutoa wakaurundika kando, ukawa tuta. Kisha wakafanya vile vile mara ya pili. Waingereza huyaita matuta hayo Double Dykes, na mpaka leo yanaonekana.

Kwa nini walijitaabisha hivyo? Kwa sababu ndani ya mpaka mlikuwa na mali. Kaskazini ya rasi kuna bandari iliyotulia, na miaka kama 100 kabla ya kuzaliwa Kristo vyombo kutoka ng'ambo vilitia nanga pale. Bwana Bushe-Fox alichimba mahali hapo mwaka 1911 na 1912, na Profesa Barry Cunliffe akachimba tena tangu mwaka 1979. Vilionekana vigae vya mitungi iliyoleta mvinyo kutoka Italia. Zilionekana hata mbegu za tini! Fikirini, mbegu ndogo vile kukaa ardhini miaka 2,000.

Basi matuta yalimzuia adui wa nchi kavu. Lakini upande wa kusini kuna bahari wazi, na bahari haipiti mlangoni.

Sikilizeni vizuri hapa. Ndani ya udongo wa rasi mna mawe makubwa yenye chuma. Zamani, ukingo ulipoanguka, maji yalichukua udongo, lakini mawe yalibaki chini pwani. Mawimbi yakavunjika juu ya mawe hayo, yakafika ukingoni yamekwisha nguvu. Hakuna mtu aliyeyapanga, lakini yalikuwa ndiyo boma la upande wa bahari.

Mwaka 1848 mfanyabiashara John Holloway alianza kuyachukua mawe hayo, yakapakiwa vyomboni kwenda kuyeyushwa yatoe chuma. Kazi hiyo iliendelea miaka mingi. Mawe yalipopungua, mawimbi yalipiga ukingo wenyewe, na nchi ikaporomoka kwa haraka kuliko kwanza. Mchanga ulisukumwa na maji kuelekea mashariki, ukarefusha ulimi wa mchanga ulio kwenye mlango wa bandari. Holloway alipata fedha zake. Hasara waliipata watu waliokuja nyuma.

Katika mwaka 1919 rasi ilinunuliwa na Gordon Selfridge, tajiri mwenye duka kubwa London. Alitaka kujenga jumba la fahari juu yake, lakini hakulijenga, na mwaka 1930 akauzia mji wa Bournemouth. Mwaka 1938 mji ulijenga ukuta mrefu ulioingia baharini ili kuzuia mchanga usihame. Ukuta huo ulisaidia sana. Hata hivyo ncha ya kusini ya matuta ilikwisha kuliwa, na udongo uliokwenda na maji haurudishwi kwa koleo.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: rasi, tuta, handaki, ukingo. Kisha kila mwanafunzi aandike jibu la swali hili: mawe ya pwani yalifanya kazi gani kabla ya kuchukuliwa?