Tuujue Mto Kabla Haujachafuka

(Mada iliyotolewa Kyela mbele ya kamati za sharika na parokia pamoja na wafadhili)



Tumepewa nafasi hii ili tueleze kwa nini idara yetu ya maendeleo, mliyoizoea kwa visima na mbegu za mpunga, sasa inaomba fedha za kupima mito. Katika kikao kilichopita mzee mmoja aliuliza swali hili kwa ukali kidogo: mto tunauona kila siku, tunauoga, unatuingilia ndani kila Aprili, mnataka kuupima nini tena? Mzee yule alikuwa na haki ya kuuliza, na leo tunamjibu.

Kyela ni mahali ambapo maji ya watu wengine yanafikia mwisho. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka milima ya Rungwe, Ileje na Mbozi, inapita kwenye mashamba ya chai, kahawa na ndizi, kisha inatulia kwenye tambarare yetu kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. (Wageni wetu wasichanganye. Iko Songwe nyingine inayopita karibu na kiwanda cha saruji cha Mbeya na kuelekea Ziwa Rukwa. Hiyo si yetu. Yetu ni ile inayotutenganisha na ndugu zetu wa Malawi.) Kinachotupwa juu hutufikia sisi. Na kikishaingia ziwani hakitoki upesi, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya Nyasa huondoka kwa kuvukizwa na jua, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotoka kwa mto Shire kule kusini. Jua huchukua maji, halichukui uchafu.

Kati ya Songwe na Kiwira kuna makaa ya mawe. Mgodi wa Kiwira ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China, ukabinafsishwa mwaka 2005, na baadaye ukarudi serikalini chini ya STAMICO. Mwaka 2017 STAMICO ilianza kuchimba pia Kabulo, wilayani Ileje. Ng'ambo ya mpaka, magharibi ya mji wa Karonga, upo mgodi wa urani wa Kayelekera. Ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014, na ukaanza tena uzalishaji mwaka 2025 chini ya mmiliki mwingine. Maji ya eneo lile huenda mto Rukuru ya Kaskazini, na Rukuru huingia ziwa hili hili tunalovua usipa.

Tuelewane vizuri hapa. Hatusemi kwamba mgodi wowote kati ya hiyo umechafua mto wetu. Vijana wetu wanahitaji ajira, na nchi inahitaji nishati. Tunachosema ni kwamba makaa ya mawe yana tabia yake. Mara nyingi ndani yake mna madini ya chuma yaliyoungana na salfa. Yakiwa chini ya ardhi hayana neno. Yakichimbwa na kulundikwa juu, yakapata hewa na mvua, hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha chuma, aluminiamu na manganizi iliyomo kwenye miamba. Mbele kidogo chuma hujitenga na maji na kuyapaka mawe ya mto rangi ya kutu. Ubaya mwingine ni kwamba mgodi ukifungwa jambo hili halikomi. Zipo nchi ambako migodi iliyoachwa tangu zamani bado inatoa maji ya tindikali hadi leo. Mwenye mgodi anaweza kubadilika mara tatu, mto ukabaki ule ule.

Wenzetu wa kaskazini wametangulia kuyaona haya. Mwaka 2009, wilayani Tarime, maji yenye tindikali yalitoka eneo la mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia mto Tigithe. Mgodi ulieleza kuwa wezi walikuwa wameiba plastiki iliyotandikwa kuzuia maji. Machi 2022 samaki walikufa katika mto Mara na maji yakageuka meusi. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wananchi wengi hawakukubali. Sisi hatuna uwezo wa kuamua nani alikuwa sahihi. Lakini tulipofuatilia mjadala ule tulijiuliza: likitokea Kyela, sisi tutaleta nini mezani? Tutasema maji yalikuwa mazuri zamani. Mtaalamu atauliza, mazuri kiasi gani, mwezi gani, sehemu gani? Hapo tutanyamaza.

Ndiyo maana tunataka daftari la mto.

Tukiri kwamba jaribio letu la kwanza liliharibika. Tulichota maji darajani wakati wa masika, tukatumia chupa za soda tulizosuuza, tukayasafirisha kwa basi siku mbili. Maabara ikayakataa, na ilifanya vema. Tangu hapo tumejifunza mambo ambayo afadhali kila kamati iyajue. Ukali wa tindikali, yaani pH, hupimwa pale pale mtoni, kwa sababu hubadilika njiani. Maji ya kupimwa madini huwekwa katika chupa safi maalumu na kutiwa dawa ya kuyahifadhi. Na majira yana maana yake: wakati wa mafuriko kila kitu kimezimuliwa, mto mchafu unaweza kuonekana msafi. Wakati wa kuangalia ni Septemba hadi Novemba maji yakiwa machache, na tena siku za mvua za kwanza, zinapoosha malundo na mashamba yote kwa pamoja.

Kipo pia kipimo kisichohitaji umeme wala chupa, nacho ni wadudu. Watafiti akina Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitengeneza utaratibu wa kuipa mito ya Tanzania alama kwa kuangalia wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe, ukaitwa TARISS. Unaingia mtoni na wavu mdogo, unageuza mawe, unakinga kinachotoka. Yuko mdudu mwenye mikia mitatu anayejibanza kwenye jiwe, na yuko anayejijengea nyumba ya mchanga na vijiti. Wengi wa hao hawavumilii uchafu. Funza wekundu na baadhi ya konokono huvumilia sana. Chupa ya maji hueleza habari za saa ile tu, lakini mdudu amekaa mtoni wiki na miezi. Sumu iliyopita usiku wa juzi yeye aliionja. Watoto wa Kipaimara walituzidi sote kwa kuwatafuta.

Sasa jambo ambalo halitawafurahisha wote. Malalamiko makubwa tunayoyapokea ni kwamba mbasa wamekwisha. Mbasa hupanda mtoni wakati wa mvua kutaga mayai kwenye changarawe, mahali penye maji yanayokwenda. Nani anatega nyavu mdomoni mwa mto wakati ule ule? Nani anavua kwa chandarua? Nani analima hadi ukingoni, udongo ukashuka kuzika changarawe, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe? Hao hawatoki Ileje wala Malawi. Wengine tuko nao humu ndani, na mashamba mengine ni ya kanisa. Nabii Ezekieli, sura ya 34, anawakemea kondoo wanaokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yale wanayowaachia wenzao. Daftari letu litaandika tope la mashamba kama litakavyoandika tindikali. Vinginevyo tusilianzishe.

Mpango wenyewe ni mdogo. Kila mto kati ya mito minne tutakuwa na vituo viwili, kimoja juu na kimoja karibu na ziwa. Kila mwezi watu wawili wa usharika wa jirani wataandika tarehe, kina, rangi ya maji na ya mawe, pH, wadudu waliopatikana, na samaki walioonekana. Kwa mwaka hizo ni kurasa 96. Mara mbili kwa mwaka sampuli zitapelekwa maabara kupimwa madini, na hapo ndipo fedha nyingi zitakapokwenda. Nakala zitapelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu, na halmashauri. Kwa kuwa makaa yako Mkoa wa Songwe na sisi tuko Mkoa wa Mbeya, tunaomba pia kamati za Ileje ziwe na nakala yao, wasije wakasikia habari zao kutoka kwetu.

Kwa wafadhili wetu tuseme wazi: hakutakuwa na jengo la kuzindua wala bomba la kupigia picha. Inawezekana kabisa miaka mitatu ikapita na taarifa yetu ikasema mito iko salama. Tukileta taarifa ya namna hiyo, tafadhali msione fedha zimepotea.

Daftari na karatasi za kupimia ziko mezani karibu na mlango. Kila kituo kichague watu wawili, na mmoja wao awe anayekwenda mtoni kila siku kwa shughuli zake, mama anayefua au mvuvi. Kituo cha juu cha Lufilyo bado hakina mtu. Tunaomba jina kabla hatujaondoka leo.